Usiku wa Kambini ni wa Nani? Mjadala wa Dishi Porini

Hoja iliyo mezani ni fupi: televisheni ina nafasi kambini. Wasemaji ni watano, wote wa kubuni, na nimewaita kwa kazi zao: mpishi wa kambi, mhifadhi mstaafu, fundi wa madishi, dereva anayeongoza watalii, na mama aliyeleta wanawe porini kwa mara ya kwanza. Mimi kazi yangu ni kugawa zamu na kuzuia watu wasipandishe sauti.

Uwanja ni Seronera, katikati ya Serengeti, kwenye zile kambi za umma ambapo kila kundi hupiga mahema yake uwanjani. Uzio hakuna. Kilichofungwa ni jiko na banda la kulia tu, vimezungushiwa wavu wa chuma, na sababu yake fisi wanaijua. Zamani swali hili lisingeulizwa, maana televisheni ilitaka umeme wa gridi na meza isiyotikisika. Leo kuna televisheni bapa za volti 12, madishi yanayokaa juu ya keria ya Land Cruiser, na paneli za sola zinazokunjwa. Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027 zimepangwa kuchezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Afadhali tubishane sasa kuliko kuja kubishana dakika ya 80, matokeo yakiwa moja bila. Mpishi, anza.

MPISHI: Ahsante mwenyekiti. Shikamoo mzee mhifadhi, maana najua wewe ndiye utakayenirarua. Nianze na tarehe moja tu: 21 Januari 2024. Taifa Stars na Zambia, San-Pédro, Ivory Coast. Kwa saa zetu mpira ulianza saa mbili usiku. Januari ndipo nyumbu wanakaribia kuzaa kule Ndutu, kambi zimejaa, na saa mbili usiku ndiyo saa ya kupakua supu. Dakika ya 11 Simon Msuva akafunga. Nchi nzima ikaruka, sisi wenye miiko mkononi tukawa wa kusimuliwa. Patson Daka akaja kusawazisha dakika ya 88, mambo yakaisha moja moja. Kabla ya hapo Stars walikuwa wamefika fainali hizo mara mbili tu, 1980 na 2019. Kitu kilichokuwa kimekuja mara tatu katika miaka arobaini na minne, mnaniambia nikisome kwenye gazeti?

Watu wakisema pori libaki pori, huwa naangalia begi lao. Ni begi la siku tatu. Mgeni analala hapa usiku mbili, anapiga picha za chui, anarudi kwao kwenye televisheni kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu. Mimi nipo hapa msimu mzima. Kwake hapa ni mapumziko. Kwangu ni kazini, na nikishamaliza kazi sina pa kwenda, nalala hapo hapo kazini. Nani mwingine katika nchi hii anaambiwa akitoka kazini asiangalie mpira?

MHIFADHI: Marahaba, mwanangu. Sikurarui, umesema vizuri. Ila umesema habari ya Stars na Zambia, hukusema habari ya mahali ulipo. Kambi hii haina uzio. Uzio wako ni sikio lako. Simba akinguruma usiku mtulivu, sauti yake hufika kilomita nane, na mtu aliyezoea anajua huyu yuko ng'ambo ya mto, huyu anasogea. Huyo ndiye rahisi, kwa sababu anajitangaza. Tembo hajitangazi. Tani tano zinapita kati ya mahema usisikie ila tawi limevunjika, au tumbo lake linanguruma. Kule kambi ya Simba A, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, tembo hufuata maji ya tangi la kambi hadi katikati ya watu. Sasa, mwenyekiti, huyo mpishi wako ana mtangazaji anapiga kelele sikioni, na wenzake kumi wanamsaidia. Hilo tawi lililovunjika nani amelisikia?

Na si sikio peke yake, hata jicho. Ukikodolea kioo chenye mwanga saa nzima, kisha ukatoka kwenda chooni, macho yanataka dakika ishirini hadi thelathini kulizoea giza sawasawa. Choo kiko mita hamsini. Unatembea hizo mita hamsini ukiwa nusu kipofu, na nusu kiziwi, kichwani umebeba penalti iliyokataliwa. Nimefanya kazi hii hadi nimestaafu. Porini mtu haumizwi na mnyama mkali, anaumizwa na mnyama ambaye hakumwona mapema.

MWENDESHAJI: Kabla hatujaulizana kama inafaa, tuulizane kama inawezekana. Fundi, kuna mawimbi yoyote hapa Seronera, au tunagombea kitu ambacho hakipo?

FUNDI: Yapo, mwenyekiti, ila inategemea unayatafuta wapi. Njia ni tatu: antena, dishi, na simu. Nianze na antena, kwa sababu ndiyo inayodanganya watu wengi.

Mnakumbuka televisheni za analojia. Dar es Salaam mitambo yake ilizimwa 31 Desemba 2012, miji mingine ikafuata. Enzi zile mawimbi yakiwa dhaifu ulipata chenga, ila katika chenga hizo mpira ulikuwa unauona, na mchezaji ukimjua kwa mwendo wake. Dijitali haina huruma hiyo. Mawimbi yakitosha, picha ni safi. Yakipungua kidogo, picha inavunjika vipande, inaganda mshambuliaji akiwa hewani. Yakipungua zaidi, kioo cheusi. Kwa hiyo mtu anayekuambia "lete tu antena, tutaona hata kidogo" hajui anachosema. Hata kidogo haipo siku hizi.

Tena mawimbi hayo yanasafiri karibu na mstari ulionyooka, na dunia ni duara. Mnara wa mita 100 na antena yako kwenye mlingoti wa mita nne, mnaonana hadi kama kilomita 50, pasipo mlima katikati. Ukiuinua mlingoti hadi mita tisa unaongeza kilomita nne au tano hivi. Faida kubwa ya kuinua ni kuruka miti. Na boosta haitengenezi mawimbi yasiyokuwepo. Inakuza ulichonacho, na kama ulichonacho ni uchafu inakuza uchafu.

MAMA: Kwa hiyo antena ni ya kutupa?

FUNDI: Hapana, dada. Ukipiga hema ufukweni Kigamboni, au ukiwa Kenya kando ya Ziwa Naivasha, antena inaweza kukutosha. Na siri yake haimo kwenye mashine. Kabla hujafungua begi, tembea hadi nyumba za jirani, tazama antena zao juu ya paa. Zimeelekea wapi? Vijiti vyake vimelala au vimesimama? Fanya vile vile. Wenyeji wameshahangaika miaka mingi kwa niaba yako. Lakini hapa Seronera hakuna jirani mwenye paa. Hapa ni dishi.

Na kwenye dishi tuna bahati ambayo Ulaya hawana. Satelaiti za televisheni zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. DStv ya huku inatoka nyuzi 36 mashariki, na Seronera iko karibu nyuzi 35 mashariki. Maana yake satelaiti hiyo iko juu ya utosi wako. Ndiyo maana dishi la DStv huku linalala karibu chali kama sahani inayosubiri wali, na mgeni wa kutoka Ujerumani anadhani limeanguka. Kwao madishi yanatazama ukutani kwa jirani, sisi letu linatazama mbinguni. Kinachotakiwa ni uwazi juu ya kichwa. Usiliweke chini ya mgunga, basi.

Azam ni habari nyingine. Yeye yuko nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo hapa unamtafuta upande wa magharibi, kaskazini kidogo, dishi likiwa limeinuka nyuzi 57 hivi. Mti wa magharibi ndio adui. Mti wa mita 10, kaa nao mbali mita saba au zaidi. Watu wanahangaika jioni nzima kumbe dawa ni kuhamisha dishi hatua kumi.

MWENDESHAJI: Na kulielekeza? Wengi wanaona ni uchawi.

FUNDI: Ni uvumilivu. Dishi la sentimita 80 lina jicho jembamba sana, nyuzi mbili hivi. Ukikosea nyuzi moja, nusu ya mawimbi imekwenda. Kwa hiyo kwanza mguu wa dishi usimame wima kabisa, upime kwa pima maji, si kwa macho. Ardhi ya hapa ni majivu ya volkano, wakati wa mvua inadidimia, kwa hiyo weka ubao chini ya miguu na mfuko wa mchanga juu yake. Kisha fungua menyu ya king'amuzi, pale penye mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wake. Watu wanashangilia nguvu. Usishangilie. Nguvu inaweza kupanda hata ukiwa umekamata satelaiti ya watu wengine. Tazama ubora. Unasogeza dishi kidogo, unahesabu hadi tano, kwa sababu king'amuzi kinachelewa kufikiri, kisha unasogeza tena. Anayezungusha haraka haraka anaipita satelaiti mara kumi bila kujua. Ubora ukifika kilele unafunga nati, huku unatazama, maana nati yenyewe ikikazwa huvuta dishi. Mwisho unazungusha LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, taratibu, kushoto, kulia, unasikilizia. Hapo umemaliza, hadi nyani aje kuvuta waya.

DEREVA: Au hadi mvua inyeshe.

FUNDI: Kweli. Masafa ya madishi haya madogo hayapendi mvua nzito. Wingu jeusi la radi likikaa kati yako na satelaiti, picha inaondoka, na hakuna fundi wa kuirudisha ila wingu lenyewe. Machi hadi Mei usimwahidi mtu fainali.

MHIFADHI: Fundi, hujasema umeme. Jenereta ukileta hapa nitastaafu mara ya pili.

FUNDI: Jenereta ya nini, mzee wangu? Televisheni ya inchi 22 ya volti 12 inakula wati 25 hivi, king'amuzi 15. Jumla 40. Betri ya 12V yenye 100Ah ina wati-saa 1,200, na kama ni ya risasi utumie nusu yake tu ili isife mapema. Hiyo nusu inakupa saa 15. Mpira saa mbili, na taarifa ya habari, siku tano. Paneli ya wati 100 ikipata jua la hapa inarudisha mchana zaidi ya ulichokula usiku. Kosa la watu ni kutumia betri ya gari lenyewe, gari likiwa limezimwa. Asubuhi wageni wako tayari kwenda kutafuta simba, gari haliwaki.

DEREVA: Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili, na nisiulizwe zaidi. Mimi niseme habari ya simu, kwa sababu kaka fundi anauza madishi na njia ya tatu ameipitia juu juu. Dunia imebadilika. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa Kilimanjaro hadi Horombo, mita 3,720. Wapagazi wanaangalia magoli wamekaa juu ya mawingu. Na huko mlimani ndiko dishi lisikowezekana: mzigo wa mpagazi mmoja ni kilo 20 kisheria, na ile betri ya risasi aliyoitaja fundi peke yake inazidi hapo. Nani ataibeba? Simu iko mfukoni tayari.

Ila simu nayo ina yake. Mtandao Serengeti unapatikana kwa vipande: juu ya kilima upo, ukishuka bondeni umekwisha. Bando linaisha kabla ya mapumziko. Na kuna jambo moja ambalo wapenzi wa mpira hawalisamehe: kuchelewa. Redio kwa kawaida ndiyo ya kwanza kutangaza goli. Dishi linafuata baada ya sekunde chache. Simu inaweza kuchelewa hata nusu dakika. Sasa weka makundi matatu kambi moja, kila kundi na chombo chake. Wa redio wanaruka, wa dishi wanaruka, wewe wa simu bado unaangalia kipa anatenga mpira. Unajua umefungwa kabla hujafungwa.

MHIFADHI: Basi jibu umelitoa mwenyewe, mwanangu. Redio! Ndogo, betri mbili, inafika kwanza, haina mwanga, haiharibu macho, na ukiiweka chini sikio la pili bado ni lako. Sisi tumelinda pori hili na redio.

MPISHI: Mzee, kwa heshima zote, redio tunayo na tunaipenda. Lakini mtangazaji wa redio kila mpira kwake ni wa hatari. Mpira uko katikati ya uwanja, yeye ameshaleta presha ya kupanda. Mei 2025 Simba walipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane, nusu ya ubishi wa jikoni ulikuwa nani aliona nini. Kuona ni kuona.

MWENDESHAJI: Mama, umekaa kimya muda mrefu. Wewe ndiye mlipaji.

MAMA: Nimekaa kimya kwa sababu nasikiliza wanaume wakijadili mpira na kuuita televisheni. Televisheni nyumbani kwangu si mpira. Ni katuni kuanzia saa kumi na moja alfajiri, ni tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, ni mabishano ya rimoti. Nimeweka akiba, nimekodi gari, nimelipa viingilio, ili watoto wangu wakae usiku mmoja wasikie sauti ya kitu ambacho hakina rimoti. Jana mwanangu wa mwisho ameniuliza fisi anacheka nini. Tumekaa tukabishana hadi akalala. Banda la kulia likiwashwa kioo, hilo swali haliulizwi. Mtoto hachagui kati ya kioo na fisi, kioo kinamchagua yeye.

Halafu kuna wageni wengine. Wamelipa kama mimi. Mtu akija na dishi lake akaliwasha kwenye banda la wote, amewachagulia wote. Na simlaumu mgeni peke yake, kuna waandaaji wa safari wanaoanza kulitangaza kama huduma.

FUNDI: Wanaotangaza hivyo wajue pia kwamba kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani. Ukiwaonesha wateja, hiyo ni biashara, na ina kifurushi chake na bei yake. Wengi wanabeba king'amuzi cha sebuleni, wanadhani porini hakuna sheria.

DEREVA: Lakini mama, niruhusu nikupinge kidogo. Unayoyasema ni ya mtu ambaye tayari anapenda pori. Tunawahimiza Watanzania waje kutembelea hifadhi zao. Baba wa familia, jambo la kwanza, anauliza: kuna mtandao? Nitaona Yanga? Nikimwambia hapana, anakwenda ufukweni. Tukiifanya kambi iwe adhabu, tutabaki na wageni wa kutoka nje tu, ambao wamefundishwa tangu utotoni kwamba kukosa ni starehe. Kwa mtu aliyekua kijijini, kukaa gizani bila umeme hakujawahi kuwa likizo.

MAMA: Hapo umenigusa, kaka yangu, maana na mimi nimekua hivyo. Koroboi naijua. Ndiyo sababu naweza kukujibu. Koroboi hatukuichagua. Hapa nimechagua. Baba huyo akitaka kuona Yanga, Yanga inacheza wiki ijayo tena. Nyumbu wanaovuka mto hawarudii kwa ajili yake.

MPISHI: Mama, naomba nikuulize kwa adabu. Unapozungumza kuchagua, unanihesabu? Wewe umechagua kuja. Mimi nimepangwa. Umesema wageni wengine wamelipa kama wewe. Mimi sikulipa, mimi nalipwa, kwa hiyo kwenye hesabu yako simo. Nikishaosha sufuria ya mwisho ni saa nne usiku. Watoto wako wamelala. Nikikaa ndani ya wavu, kioo kimenielekea mimi, nimekunyima nini?

MAMA: Hapo… hapo hujaninyima kitu. Sauti tu.

MPISHI: Visikilizio vipo. Vya waya, vya shilingi elfu chache.

MHIFADHI: Na mwanga? Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wanauzunguka huo mwanga hadi huoni mpira, halafu wanaingia kwenye mchuzi. Mwanga wa kioo ni mwito.

MPISHI: Mzee, jiko lina taa tayari. Kioo cha inchi 22 hakiongezi kumbikumbi, kinawagawa tu.

MHIFADHI: *(anacheka)* Hilo nakupa. Lakini sikio hujanijibu. Umetia visikilizio masikioni, sasa umekuwa kiziwi kamili. Nani analinda?

MWENDESHAJI: Hilo ndilo swali lililobaki, na linamhusu mpishi peke yake. Jibu.

MPISHI: Tunalinda kwa zamu, kama tunavyofanya kila kitu. Jikoni hatuko mmoja. Kipindi cha kwanza anakaa nje ya mpira mmoja, cha pili mwingine. Asiyetazama ndiye mwenye tochi, na ndiye anayemsindikiza mgeni chooni. Tena wavu wa jiko mmeujenga nyie wenyewe, mzee. Penye usalama kuliko mahema yote ni pale pale tunapoangalia.

DEREVA: Na zamu hiyo isipangwe kwa timu. Ukimpa mtu wa Simba zamu siku Simba inacheza, atakuwa na tochi mkononi na shingo dirishani.

MWENDESHAJI: Nafunga mjadala, na natoa uamuzi.

Fundi amethibitisha kwamba inawezekana, tena hapa kwetu kwa urahisi kuliko nchi za mbali na ikweta, kwa hiyo kisingizio cha kwamba mawimbi hayafiki kimekufa. Kilichobaki ni nani ana haki ya usiku. Naona kuna foleni. Wa kwanza ni wanyama, kwa sababu wao hawana kwingine pa kwenda. Wa pili ni wafanyakazi, kwa sababu wamepangiwa kuwa hapa na msimu ni mrefu. Wa mwisho ni mgeni, ambaye ana nyumbani kwake na amekuja kwa hiari. Desturi yetu imeipindua foleni hiyo. Hoteli za porini zinamwekea mgeni kioo chumbani, na mpishi anasimuliwa goli la Msuva. Hata wanaoipinga televisheni kwa moyo safi mara nyingi wanatetea utulivu wa mtu wa siku tatu.

Kwa hiyo hoja imepita nusu. Kwenye banda la kulia la wageni, hapana: hakuna kioo, hakuna dishi la mgeni mmoja linalowachagulia wote. Jikoni, ndani ya wavu, ndiyo: kioo kidogo kilichogeukia ndani, sauti masikioni, betri isiyo ya gari, hakuna jenereta, na mtu mmoja wa zamu ambaye hatazami. Waandaaji wa safari wanaotaka kutangaza huduma watangaze hii, kwamba wafanyakazi wao hawakukatwa na nchi yao. Gharama yake ni ndogo kuliko kreti za soda za safari moja. Mhifadhi?

MHIFADHI: Kura yangu bado ni redio. Iandikwe. Ila mwenye zamu akisinzia, dishi nalishusha mimi mwenyewe, kustaafu au kutostaafu.

MAMA: Na mimi nina swali moja, mwenyekiti. Hizo fainali za 2027, Stars wakicheza na mimi niko hapa hapa kambini?

MPISHI: Karibu jikoni, mama. Kiti kipo. Ila kwetu haketi mtu mikono mitupu: kuna kilo tano za vitunguu za kumenya kabla ya mapumziko, na ukilia hakuna atakayejua kama ni vitunguu au ni Stars.